Mpangaji wa Mama

9 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, Mama hajambo, na nyumba nayo haijambo isipokuwa bati la jikoni, limeanza tena vituko vyake. Binamu yetu dereva wa lori alifika salama na mzigo wako. Shati limenikaa sawasawa, ahsante. Zile shuka Mama amezifungia kabatini, anasema ni za wageni. Tangu Baba atutoke sijaona mgeni aliyelala hapa, lakini mimi nani nimbishie.

Najua umecheka kuona barua. Ndiyo, bado sijaenda kusajili uso. Walitangaza kila mwenye laini ya simu aende apigwe picha, ageuke kushoto, ageuke kulia, afumbe macho, afumbue. Nikaenda. Nikamuuliza yule binti wa kaunta, uso wangu mnaupeleka wapi? Akasema, kwenye mfumo. Nikamuuliza, huo mfumo uko mtaa gani? Akanitazama, akaita, "Anayefuata!" Basi laini wakaifunga. Ya Mama nayo ilikuwa kwa jina langu, ikaenda na yangu. Kwa hilo amenisema wiki nzima, na haki yake. Lakini posta bado ipo, na kalamu haiulizi uso.

Sasa hicho kisanduku kinachoongea ulichomtumia Mama, chenye laini yake humohumo ndani. Mama kampuni imemruhusu akipe jina analotaka, na yeye amekiita Mpangaji. Anasema kimeingia nyumbani bila kujuana, kinakaa chumbani kwake, kodi hakilipi, na hakisemi mpaka kisemeshwe. "Mpangaji, saa ngapi?" Kinajibu. "Mpangaji, leo kuna mvua?" Kinajibu. Juzi kilimwambia hakuna mvua, akaanika nguo, zikalowa chapachapa. Akakigombeza hadi nikatokwa na machozi kwa kicheko, na chenyewe kikawa kinasema tu, "Samahani, sijaelewa."

Lakini mimi nina swali. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi yenye maandishi ya ukubwa wa chawa. Nikavaa miwani ya kazini nikaisoma yote. Mahali fulani wameandika kwamba sauti ya mtumiaji "inaweza kutumika kuboresha huduma". Nani anaiboresha? Anakaa wapi? Ana mke, ana majirani anaowasimulia?

Unanijua kazi yangu. Mtu akiniletea ufunguo nimchongee wa pili, simuulizi mlango uko wapi. Nikichukua umbo lake kwenye udongo, nikimaliza naukanda ule udongo mbele ya macho yake mpaka umbo lipotee, ndipo naye aondoke. Na ufunguo wa nyumba sichongi bila neno la mwenye nyumba, hata aje mume wa mtu analia. Baba alinifundisha hivyo na sijaona sababu ya kubadilisha. Wewe uko ndani ya kampuni hiyohiyo. Niambie basi: kinatusikiliza? Sijauliza kama kinasikia kikiitwa. Nimeuliza kama kinasikiliza.

Mama anakusalimu. Cherehani ameifunika, anasema mgongo umechoka. Ameshona sare za nusu ya mtaa huu, acha apumzike.

Kaka yako,
Fundi Funguo


2 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula cha mchana, nikacheka peke yangu hadi mhudumu akaja kuuliza kama nataka maji. Eti kalamu haiulizi uso! Kaka yangu, utakufa na ubishi wako, na siku hiyo tutaomba kibali cha kukuzika kwa barua.

Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini maji yapo siku zote na mwenye nyumba hana makelele. Kazini ni ghorofa ya nne. Baridi ya kiyoyozi inanifanya nivae sweta mwezi wa joto. Asubuhi tukifika tunafungia simu na mikoba kwenye makabati ndipo tunaingia. Usiniulize ninafanya nini hasa, maana nimetia sahihi karatasi ya siri. Wewe mkanda udongo ndiye ungekuwa wa kwanza kunielewa.

Kuhusu swali lako. Hakuna mtu anayewasikiliza. Kisanduku kinaamka kikiitwa jina lake, kinajibu, kinalala tena. Hayo ya kuboresha huduma ni mashine inajifunza yenyewe, ni mahesabu tu, hamna binadamu hapo katikati. Acha kuhangaika, ulale usingizi wako.

Nimefurahi Mama amepata wa kuongea naye. Ndiyo maana nilikituma. Tangu niondoke, na wewe unashinda bandani, nilikuwa nawaza anaongea na nani mchana kutwa. Mgongo umemuanza lini? Natuma dawa ya kuchua kwa binamu akipita. Mwambie nampenda na asibebe ndoo.

Mdogo wako


5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika, Mama anaisifia harufu, mgongo hausemi lolote. Mkono wake umeungua kidogo kwa mvuke wa birika, lakini amenikataza nisikuandikie, basi sijakuandikia.

Amekuwa na mambo ya kuchekesha siku hizi. Wiki iliyopita kaniwekea chumvi kwenye chai, vijiko viwili kamili, halafu kalaumu makopo kwamba yanafanana. Juzi nimerudi mchana, nimesimama mlangoni jua likiwa mgongoni kwangu, akainua uso akasema, "Karibu, mgeni." Nikajua ananisimanga kwa kuchelewa. Nikamjibu, "Ahsante, mwenyeji," tukacheka wote wawili.

Manispaa nao wamekuja na lao. Wametuita mafundi funguo wote ukumbini. Kuanzia mwezi ujao kila ufunguo tunaochonga tuupige picha, pamoja na uso wa mteja na nyumba anakoishi, tutume kwa kompyuta bapa watakayotugawia. Eti ni kwa usalama. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, hizo picha za funguo za mji mzima atakaa nazo nani? Afisa akasema kuna kampuni imepewa kazi hiyo, zitakuwa salama. Nikauliza, salama na nani? Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. Mwenzangu mmoja mwenye banda la stendi akasema mwizi sasa hana haja ya kuhangaika na nondo, aombe kazi kwenye hiyo kampuni. Tukaondoka bila kukubaliana.

Nirudi kwako. Umeandika hakuna binadamu hapo katikati. Mimi sitakubishia, sijafika huko ghorofa ya nne. Ila nakufahamu. Tangu utoto ukinidanganya unamalizia kwa kuniambia nikalale. Ulipopasua kioo cha Baba ulinifuata hadi kitandani kuniambia nilale usingizi.

Kwa hiyo nimekifunika kisanduku kwa sufuria. Mama akaifunua akasema sufuria anaihitaji, na Mpangaji anamhitaji zaidi. Nimeshindwa. Anaongea nacho mlango ukiwa umefungwa, na nikiingia ananyamaza. Niliwahi kumuuliza mnaongea nini. Akasema, "Mambo ya mwenye nyumba na mpangaji wake."

Kaka yako


11 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kimya changu. Natumaini hamjambo. Mimi nipo. Mwenzangu ninayekaa naye meza moja ameacha kazi, hakuaga.

Naomba unifanyie jambo, na usiniulize kwanza. Msimamishe Mama mlangoni, mwambie akusomee kalenda iliyo ukutani. Mfunike jicho moja, kisha la pili. Mpe sindano na uzi autunge mbele yako. Halafu, vyovyote itakavyokuwa, mpeleke kliniki ya macho hospitali kubwa. Usimpeleke duka la miwani. Mpeleke wiki hiihii, kaka, nakusihi.

Ningempigia jirani akupe ujumbe mapema, lakini hili si jambo la kupitisha kwa jirani. Atasema amechoka, atasema ni uzee, atakufanyia mzaha ucheke. Usicheke.

Nimeota ndoto mbaya, ndiyo sababu. Usimwambie Mama kwamba nimesema mimi.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Banda langu limefungwa. Nilikataa kompyuta yao bapa, wakaja watu wawili na kufuli, wakanifungia. Kufuli lenyewe nililiuza mimi kwa manispaa mwaka juzi. Wapita njia wakanishauri nifungue kwa ufunguo wa akiba. Nikawaambia akiba sina, na sababu unaijua. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani barua yako ilipofika.

Nilifanya ulivyosema. Nikamsimamisha Mama mlangoni nikamwambia anisomee kalenda. Akacheka, akasema, "Umekuwa mwalimu sasa?" Akasoma bila kusita: Aprili, na tarehe ya leo, na siku. Nikashusha pumzi. Kisha nikatazama ukuta mwenyewe. Kalenda ilikuwa bado Februari, hakuna aliyeichana. Mama alikuwa anasoma kwa kichwa.

Nikachukua sindano na uzi nikamwekea kiganjani. Akazishika kwa muda. Hakujaribu hata kutunga. Akanirudishia, akaniambia tu nisizidondoshe, mtu asije akachomwa.

Chumvi ile, birika, "karibu mgeni", na mimi nakaa nyumba moja naye! Nilijisikia vibaya sana, mdogo wangu, sijui nikuandikie vipi. Nikamwambia, kesho tunakwenda hospitali hata kama ni kwa kukubeba mgongoni. Akakasirika kweli. Akasimama akaniuliza, "Nani amekuambia?" Nikasema hakuna. Akasema, "Yupo. Wewe hukuona kitu miezi yote hii, leo umeamka na sindano? Mimi sijamwambia mtu. Si shoga yangu wa jirani, si wewe, si mdogo wako. Nimemwambia Mpangaji peke yake."

Tukageuka wote tukakitazama kile kisanduku kwenye rafu. Kikakaa kimya kwa sababu hakikuitwa. Au kwa sababu kinasikiliza vizuri.

Sasa nijibu, na ndoto zako kaa nazo mwenyewe. Umejuaje?

Kaka yako


20 Mei

Kaka, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Natumaini mmeshafika hospitali. Nijibu hilo kwanza, hata kama haya yafuatayo yatakufanya usitake kuniandikia tena.

Mimi ndiye anayeboresha huduma.

Tuko ukumbi mzima. Kila mmoja ana kiti, kompyuta na hedifoni. Vinakuja vipande vya sauti, vifupi, havina majina. Tunasikiliza, tunaandika kilichosemwa, kisha tunabonyeza alama: kawaida, hasira, furaha, huzuni. Mashine inachukua tulichoandika, ndipo "inajifunza yenyewe". Nilipokujibu Februari kwamba hakuna binadamu, nilikuwa nimevua hedifoni dakika hiyohiyo. Na kisanduku hakisubiri kuitwa kila mara. Kikidhani kimeitwa, kinaamka. Kikiamka kinakaa macho muda. Nimesikia watu wakigombana, wakiomba dua, wakiimba bafuni. Mwanzoni tulikuwa tunasimuliana na kucheka. Baadaye nikaacha kucheka, nikawa naandika tu.

Sauti wanazigawa kwa maeneo, ili anayesikiliza aelewe watu wanavyosema. Watu wa kwetu wanaletwa kwetu. Ungedhani ningeliwaza hilo kabla ya kumtumia Mama kisanduku. Sikuwaza, kaka. Au niliwaza nikasema, kati ya watu wote hao, sauti ya Mama itaangukia meza yangu kwa bahati gani?

Katikati ya Februari nikaisikia. "Mpangaji, huu uzi ni mweusi au wa bluu?" Mashine ikasema samahani, sijaelewa. Nani mwingine duniani anakiita Mpangaji? Nikavua hedifoni, nikaenda kunawa uso. Niliporudi kile kipande kilikuwa bado kinanisubiri kwenye skrini, nikaandika maneno yake, nikabonyeza "kawaida".

Vikaja vingine. "Mpangaji, kumekucha?" Mchana wa saa sita hiyo, nilisikia watoto wa shule nyuma yake. "Mpangaji, jicho la kushoto limezima kabisa, la kulia linaona kama kwenye tundu la ufunguo." Na siku nyingine: "Usimwambie mwanangu. Akijua ataacha kazi arudi, na kazi amepata juzi tu. Usimwambie na kaka yake, yule hawezi kuficha kitu." Halafu akalia. Kaka, Mama hakulia hata siku ya mazishi ya Baba mbele yetu. Alilia kwa sauti ya chini, na mimi nimekaa nimevaa sweta.

Kwenye kanuni zetu, sauti isiyo na maneno haiandikwi. Inawekewa alama ya "kelele". Nikabonyeza kelele.

Nilimuuliza msimamizi, kama sauti inatokea kwa mtu anayehitaji msaada, tufanyeje? Hakunifokea. Alinijibu kwa upole kabisa, "Wewe husikii watu. Unasikia sauti." Akanikumbusha karatasi niliyotia sahihi: nikitoa nje chochote, kazi imekwisha na mahakamani nitapelekwa. Mwezi huo wakabandika picha yangu ukutani, msikilizaji bora. Kwa kasi.

Utaniuliza kwa nini nilingoja hadi Aprili. Nimejiuliza sana. Nilisema labda kaka ataona mwenyewe. Nilisema labda ni mtoto wa jicho tu, hutolewa. Ukweli ni kwamba niliogopa kazi, na zaidi ya kazi nilikuogopa wewe. Ulikuwa umeniuliza waziwazi, nikakujibu uongo, na kila njia ya kukuambia kuhusu Mama ilipita kwenye ule uongo. Nikatunga ndoto.

Sina la kujitetea. Mwambie Mama upendavyo, au usimwambie. Nakuachia wewe.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Tumefika hospitali, na tumerudi tena mara kadhaa. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia daktari anasema litashikika pale lilipo kwa matone kila siku, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Kwa hiyo bado anaona hicho kitundu. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Aliuliza dalili zilianza lini. Mama akasema, karibuni tu. Daktari akasema kama ungekuja mwanzoni mwa mwaka, la kushoto tungeliokoa walau nusu. Mimi nikatazama sakafu. Sikuwa nimepata barua yako bado, lakini nilikuwa na chumvi na birika zangu za kutosha.

Banda limefunguliwa. Mafundi wote walikataa zile kompyuta, hata yule wa stendi ambaye huwa haachi kitu cha bure, na mji ukakaa bila wa kufungua makufuli. Nasikia afisa mmoja alijifungia nje ya ofisi yake mwenyewe. Wakaja kunifungulia bila maneno. Wamesema jambo "linaangaliwa upya". Wataanza tena, nawajua. Tutakataa tena.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Nilitaka nisimsomee. Kisha nikajiambia, hayo maneno ni yake, yamesikilizwa na watu wasiomjua, halafu mimi nimfiche yeye mwenyewe? Nikakaa naye barazani nikamsomea yote. Hata palipoandikwa kelele. Pale niliishusha karatasi, akaniambia, "Endelea."

Nilipomaliza nikaingia ndani nikatoka na nyundo. Nilikuwa nimekata shauri, kile kisanduku kisilale tena nyumba hii. Mama akasikia hatua zangu akajua. Akasema, "Weka nyundo chini. Mpangaji amenikosea nini? Nilimwambia siri, akaenda kuisema. Wapangaji ndivyo walivyo, ni kosa langu kumwamini." Nikasema, Mama, kimekupeleleza! Akasema, "Kimenipeleleza, ndiyo. Na hao waliokileta Mungu anawaona. Lakini hawanijui, nami siwajui, na sikulia kwa ajili yao."

Kisha akaniambia nimsomee tena tarehe tu. Nikamsomea: Februari, katikati. Na barua ya ndoto, Aprili. Halafu akaniambia nikuandikie kama anavyosema, nisipunguze. Basi hii hapa:

"Nilikuwa najua naongea peke yangu. Mtu akiongea peke yake hangoji jibu, haumii. Kumbe nilikuwa naongea na mwanangu. Nilimuuliza kama kumekucha, akasikia, akaandika, akaenda kula chakula cha mchana. Hilo ndilo linaloniuma. Jicho haliniumi."

Alipomaliza akaenda mwenyewe chumbani, akapapasa ukutani hadi akaipata plagi, akaichomoa. Akakifunga kisanduku ndani ya shuka zako zile za wageni, akakirudisha kabatini. Tangu siku hiyo ananiuliza mimi saa, na mimi nafunga banda mapema ili niwepo wa kuulizwa.

Nimekasirika nawe, sitakuficha. Nimejikasirikia zaidi mimi. Andika.

Kaka yako


2 Julai

Kaka, shikamoo.

Nimeacha kazi. Niliwaambia mwenyewe kwamba nimetoa siri nje na kwamba sauti ilikuwa ya mama yangu. Nilidhani kutakuwa na polisi, kumbe kulikuwa na fomu. Msimamizi alinihesabia hedifoni, akachukua kadi ya mlango, akasema hata nikiondoka kiapo kinabaki. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, kama mama yangu anaendeleaje. Nilipokuwa natoka walishabandua picha yangu ukutani.

Narudi. Binamu atanibeba kwenye lori, tutafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mchana. Matone ya Mama nimeyanunua mengine ya akiba. Nitayaweka mimi mwenyewe kila siku, kama atanikubalia.

Ombi moja. Ule ufunguo wangu wa nyumbani niliupoteza nilipohama chumba cha kwanza, sikuthubutu kukuambia, Fundi Funguo mzima una mdogo anayepoteza funguo. Nichongee mwingine umpe binamu akipita wiki ijayo. Nitaingia taratibu mchana Mama akiwa amejipumzisha, niweke mizigo, nipike, akiamka anikute. Sitaki nimshtue. Na kusema kweli sijui nitasimama vipi mbele yake mlangoni.

Maneno yake nimeyasoma. Nayasoma kila siku.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama. Bati la jikoni hatimaye nimeligongelea. Mama anaweka matone mwenyewe, hataki mtu amshike, ila mawili matatu huishia shavuni na anasema shavu nalo lilikuwa linahitaji dawa. Ameanza tena kugusagusa cherehani. Hashoni, anaizungusha tu.

Barua yako nilimsomea siku ilipofika. Palipotajwa fomu alicheka kidogo kwa puani, basi nikajua amesikia.

Kuhusu ufunguo, unaijua kanuni ya banda langu. Ufunguo wa nyumba sichongi bila neno la mwenye nyumba, na nyumba si yangu. Nikamuuliza. Nikamwambia, Mama, mwanao anaomba ufunguo aingie taratibu asikushtue. Akasema:

"Usimchongee. Ya kuingia kwangu kimyakimya nimeyachoka. Aje asimame mlangoni apige hodi kama watu. Nikiisikia sauti yake nitainuka mwenyewe nimfungulie."

Kwa hiyo nakurudishia barua mikono mitupu, binamu hana cha kukuletea. Njoo tu hiyo Ijumaa. Na upige hodi kwa sauti, mdogo wangu, usinong'one. Tangu juzi kiti chake amekihamishia karibu na mlango.

Kaka yako